Mstari wa Unga

Ule unga niliumwaga mimi. Nianze hapo, maana kijijini kwetu, upande wa Ruponda, kuna watu mpaka leo wanaapa kwamba ulimwagwa na mjomba wangu, wengine wanasema ulishuka wenyewe, na yupo bibi mmoja anayesema aliuona ukitembea. Haukutembea. Niliuchota kwenye ndoo kwa mkono wangu wa kulia, nikiwa na njaa na hasira, jua la Novemba likinichoma utosini.

Hasira ninayo tangu utotoni, mama anasema nilizaliwa nimekunja ngumi. Ila mwaka ule nilikuwa na sababu. Korongo lilikuwa linakuja kula jiko la mama.

Nyumba ya mama iko chini ya kilima. Juu yake, kilima chote kile, ni shamba la mjomba, mdogo wake wa tumbo moja. Miaka mitatu nyuma mjomba alifyeka pori la pale juu apande ufuta, akalima kama alivyozoea, matuta yanashuka na mteremko, yamenyooka kama kamba. Mvua ikakuta barabara imechongwa tayari. Mwaka wa kwanza korongo lilikuwa la kurukwa na kuku. Mwaka wa pili likawa la kurukwa na mbuzi. Mwaka wa tatu mbuzi alijaribu, tukaenda kumtoa kwa kamba.

Mama alikuwa na kipimo chake. Kila masika yakiisha alichukua mchi wa kutwangia, akaulaza chini kuanzia ukuta wa jiko, akaugeuza tena na tena mpaka ukingo wa korongo. Michi kumi. Mwaka uliofuata, michi sita. Kisha mitatu. Aliniambia michi mitatu ni mingi, nisimsumbue. Lakini mawingu yakijikusanya tu upande wa Nachingwea mjini, nilimkuta anatoa sufuria zake jikoni moja moja na kuzipanga sebuleni.

Na walikuwa hawasemeshani, yeye na mdogo wake. Walinisemesha mimi. Mama ananiambia, mwambie mjomba wako maji yake yamefika. Napanda kilima, nusu saa. Shikamoo mjomba, marahaba, mama anasema maji yako yamefika. Mjomba anafikiri, ananiambia, mwambie maji hayana mwenyewe. Nashuka. Mama anasema, mwambie basi ufuta wake una mwenyewe. Napanda. Miaka mitatu nilikuwa posta ya watu wawili ambao wangeweza kuitana kwa sauti tu na wakasikizana.

Ndipo ukaja mpango wa matumizi bora ya ardhi. Kijiji kikachagua kamati, mimi nikawa katibu, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na kwa sababu mwenyekiti aliona ni afadhali nipige kelele nikiwa ndani kuliko nikiwa nje. Nilikubali kwa jambo moja tu. Nilitaka kwenye huo mpango yaandikwe makinga maji, mitaro ya kuzuia maji, juu ya shamba la mjomba kabla mvua haijarudi.

Aliyekuja kutusimamia ni bibi shamba, mwanamke wa makamo, mwenye pikipiki na buti. Alitokea mikoa ya juu, ambako alisema watu wanalima milima kama ngazi, na kabla ya kwetu alikuwa amefanya kazi Nkowe, kule Ruangwa. Neno lake lilikuwa "shirikishi". Hataki kutuamulia, kila kitu kitoke kwetu. Akawa anatuuliza, nyinyi wenyewe mnaonaje? Tunatazamana. Mwenyekiti anasimama, anajibu kwa heshima zote kwamba sisi tunaona kama unavyoona wewe, mtaalamu. Bibi shamba anashusha pumzi, anauliza tena. Sisi tukadhani tumekosa, tunabadilisha jibu. Mpaka saa tisa tulikuwa tumekubaliana kwamba udongo wetu ni mzuri sana, kwamba umechoka kabisa, na kwamba uko wastani.

Kisha akataka tupige kura, tatizo lipi lianze. Akabandika picha ukutani, ya barabara, ya nguruwe pori, ya korongo. Chini ya kila picha akaweka sahani, na kila mtu akapewa karanga tatu azipeleke kwenye sahani ya tatizo lake. Wenye shida ya korongo walikuwa wamekaa nyuma, wametoka nyumbani hawajala, na foleni ilikuwa ndefu. Zamu yao ilipofika hawakuwa na kura. Walikuwa wamezitafuna. Barabara ikashinda kwa mbali na korongo likapata karanga nne, ambazo tatu ni zangu. Nilisimama nikasema maneno ambayo katibu hapaswi kusema, bibi shamba akaamua turudie, safari hii kwa kokoto.

Kwa kokoto korongo likashinda. Sasa ikabidi mjomba aulizwe, maana shamba ni lake. Mjomba ni mzee mfupi, mkavu, asiyependa kusimama mkutanoni, lakini siku ile alisimama.

"Maji yanateremka," alisema. "Ndiyo kazi yake. Siku mkiyaona yanapanda, niiteni."

Watu wakacheka, akakaa. Alipobanwa alisema tu kwamba kupima tupime, jembe lisiguse. Bibi shamba akatueleza kwamba kama maji hayatazuiwa juu, basi njia iliyobaki ni kuandika pale kwa mama kuwa eneo la hatari, kisha ahamishwe. Mwandishi wa hayo ni nani? Ni mimi. Nikaenda kumweleza mama mwenyewe, nikitafuta maneno. Alikuwa anamenya muhogo, hakuinua hata kichwa. Akasema waandike tu, yeye atahamia makaburini, nyumba za kule ni ndogo lakini hazina korongo. Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba, kilio cha hasira.

Siku ya kupima tulikuwa watatu: bibi shamba, mimi, na katekista wetu, ambaye ni mjumbe. Kifaa chenyewe ni miti mitatu iliyofungwa ikasimama kama herufi A, na jiwe linaning'inia kwa uzi katikati. Jiwe likitulia kwenye alama, ujue miguu yote miwili iko usawa mmoja. Unageuza mguu, unasogea, unaweka alama, na alama zote zikiunganishwa unapata mstari unaokata kilima kwa ubavu. Ukichimba hapo, maji yakifika yanasimama. Kuweka alama ilikuwa kazi yangu, nilete majivu. Nikaleta ndoo nzima. Lakini ule upepo! Naweka majivu, upepo unachukua. Naweka tena, yananirudia usoni. Katekista alikuwa mweupe kama amefufuka.

Asubuhi ile nilikuwa nimepita mashineni kumsagia mama unga wa makopa, muhogo uliolazwa ukachachuka kisha ukaanikwa, na ndoo ya unga ilikuwa pale kivulini ikinisubiri. Nikautazama. Unga mzito, una unyevu kidogo, hauruki. Sikumwomba mtu ruhusa. Mstari ulianzia kwenye mti wa msolo ulio pembeni mwa shamba la mjomba, kwa hiyo nikamimina shinani kichungu kidogo cha unga kilichochongoka, ili mwanzo uonekane vizuri, halafu nikaenda na mstari, nachota na kumwaga, nachota na kumwaga, mpaka ndoo ikaisha na kilima kikaisha. Ukawa mstari mweupe, mzuri, umejipinda na kilima. Nilijisifu.

Sasa, msolo. Kila mtoto wa Kimwera anajua msolo ni mti wa nini. Ndipo wazee wanapotambikia. Na tambiko la kwetu ni nini? Ni kichungu cha unga kilichochongoka, kinachomiminwa shinani. Na anayekimimina ni nani? Ni mjomba, mkuu wa ukoo, peke yake. Mpwa wa kike akifanya hivyo bila kutumwa, amewaita wazee waliolala kwa kumruka mkubwa wake, na wakiitika hajui hata awaambie nini. Mimi haya nimeyajua tangu sijaota meno. Siku ile hayakunijia kabisa. Katekista naye, aliyekuwa ameshika mti wa pili, anasema hakuona kitu, alikuwa na majivu machoni.

Kesho yake nilikuta kilima kimejaa watu. Nani katambika? Kuna nini? Njaa inakuja? Na mbona wamewawekea wazee unga wa shamba zima, ukoo huu una deni gani na marehemu wake? Hakuna aliyethubutu kuvuka. Dereva wa bodaboda aliyezoea kukata kona shambani alikuwa amesimama upande wa pili na abiria wake, hawaendi mbele hawarudi nyuma. Mimi nilisimama nyuma ya wote. Nilijua nikikiri nitapigwa faini ya ukoo ambayo sitaisahau, na mjomba hatakaa aruhusu hata mzizi wa shamba lake uguswe. Jiko la mama nimelimaliza mimi mwenyewe.

Mjomba akaja. Watu wakampisha. Alikitazama kile kichungu kwa muda mrefu, akainama, akachota kidogo kwa ncha za vidole, akaweka ulimini. Akatafuna kama mtu anayetafuta jina. Halafu akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Asivuke mtu. Jembe lisiguse."

Akaondoka. Hakunitazama hata mara moja. Nami, shetani ni mwepesi, hofu iliponitoka tu nikaanza kufurahi. Nilijiambia nimemkamata. Hawezi kusema hakutambika, maana ataonekana mkuu wa ukoo asiyejua kinachotendeka kwenye msolo wake. Amelazimika kudanganya kijiji kizima. Nilijiona mjanja mno. Mama alipouliza unga wake uko wapi, nilimjibu umemwagika, na huo haukuwa uongo. Alininunia siku mbili, maana Novemba si mwezi wa kumwaga unga.

Furaha yangu iliisha bibi shamba aliporudi na watu wa kuchimba. Hakukuwa na wa kuchimba chochote. Wale vijana waliona mstari, wakaweka majembe chini, wakakumbuka shughuli nyingine. Mjomba akamuuliza bibi shamba, kwa upole kabisa, kama angependa kuchimba kichwa cha marehemu babu yangu. Masikini, alifungua fomu zake zote. Hazikuwa na mahali pa kuandika jambo hilo, isipokuwa sehemu moja, maeneo ya mila na ibada. Nikaandika hapo. Mwandiko ulitoka mzuri sana na roho yangu ilikuwa inachemka. Michi mitatu, mvua mlangoni, na mahali pekee pa kuzuia maji nimepafanya hekalu.

Mstari ukabaki. Watu wote wakawa wanauzunguka. Kutoka kwa mjomba kwenda kwa mama, safari ya nusu saa ikawa saa moja kasoro, maana unatembea na mstari mpaka mwisho wake kule pembeni ndipo unashuka. Na posta ni mimi. Katekista, ambaye kila Jumapili anatuonya kuhusu mambo ya mizimu, nilimwona mwenyewe anaikokota baiskeli yake mpaka mwisho wa mstari na kurudi. Aliponiona akasema haogopi, anaheshimu tu mali ya watu. Ustadhi wa upande wa pili naye alikuwa anaheshimu.

Mjomba akaanza vituko. Kila asubuhi anakwenda na mawe, anayapanga chini ya mstari. Ukimuuliza, anawawekea wazee uzio. Akaleta mabua ya mtama, akayalaza juu ya mawe, eti kivuli. Majani yakaota, akakataza yasifyekwe. Na ulipofika wakati wa kulima ikawa kichekesho, kwa sababu jembe haliruhusiwi kuvuka. Hawezi tena kulima kutoka juu mpaka chini kwa mkupuo. Akawa analima kwa kuufuata mstari, ubavu ubavu, tuta baada ya tuta, huku analalamika kwa sauti kwamba wazee wanamtesa.

Halafu wengine wakataka. Jirani wa kwanza alisema kama ukoo huu umelindwa shamba zima, kwa nini wake ulindwe mti mmoja? Wakamfuata mjomba, mjomba akamfuata bibi shamba, akamwambia alete ile miti yake. Ikawa msafara. Mbele mjomba na sahani ya unga, unga wa mtama safari hii, unaostahili. Nyuma bibi shamba na herufi A. Nyuma yake wenye shamba na ndugu. Jiwe likitulia, wote wanaitikia. Punde si punde wakaanza kuliuliza maswali. Mikorosho itatoa maua? Binti ataolewa? Bibi shamba anapaza sauti kwamba jiwe linapima usawa, usawa tu jamani, na jiwe linayumba kidogo, na mama mzima anapiga kigelegele kwamba binti ataolewa. Hadi Krismasi vilima vyetu vilikuwa na mistari saba. Watu wa Nkowe na Mtua walikuja kwa bodaboda kutazama. Ule ushirikishwaji bibi shamba alioutafuta kwetu kwa miezi aliupata wote kwa mpigo, na ilibidi akae chini anywe maji.

Mvua kubwa ilikuja Machi. Ilianza asubuhi, nikiwa kwangu, na kwa jinsi ilivyopiga bati nilijua ndiyo ile. Nilikimbia, nikaanguka mara mbili, na njia nzima nilikuwa nasali na kujitukana kwa pamoja. Nilimkuta mama mlangoni. Sufuria zote ziko sebuleni, na yeye amekaa katikati yake, ameshika mchi mapajani. Tukakaa. Tulisikiliza korongo, lakini korongo siku ile lilikuwa halingurumi, linanong'ona tu.

Ilipokatika mchana, mama alitoka na mchi. Akaulaza ukutani, akageuza. Moja. Akageuza. Mbili. Akageuza, na ncha ya mchi ikagusa ukingo. Alirudi mpaka ukutani akapima upya, akidhani amekosea. Mitatu. Nilitazama juu. Kilimani maji yalikuwa yamesimama nyuma ya majani na mawe na mabua ya mjomba, mstari mrefu unang'aa, yametulia kabisa, yanazama taratibu.

Mama alirudisha sufuria moja jikoni, akawasha moto, akakoroga uji wa makopa, akajaza bakuli la bati, akalifunika. Akanipa.

"Mpelekee mjomba wako," alisema.

Nilisubiri ujumbe. Haukuwepo. Nikaondoka na bakuli, nikauzunguka mstari wote kama kawaida, miguu imejaa tope. Mjomba alikuwa amesimama kwenye baraza lake, nguo zimemganda mwilini, na ilionekana wazi kwamba mvua yote ile alikuwa nje. Alilifunua bakuli. Akanusa, akanywa funda moja, akatafuna kama siku ile.

"Ni ule ule," alisema.

"Upi, mjomba?"

"Wazee wetu wanakula mtama. Makopa hawajawahi kupewa." Akanywa tena. "Na haya mama yako anayalaza majini siku moja zaidi. Tangu msichana. Nilikuwa namwambia yananuka."

Uso uliniwaka moto mpaka masikioni. Miezi minne nilikuwa natembea kifua mbele, eti nimemkamata. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, mbona basi alisema ni yeye. Aliangalia ndani ya bakuli.

"Unga wa dada yangu umemwagwa chini, na watu wanataka kupita juu yake," alisema. "Ningefanyaje?"

Akaumaliza uji wote. Nikanyoosha mikono nipokee bakuli nirudishe, maana ndiyo kazi yangu, lakini hakunipa. Alivaa kandambili zake, akalishika bakuli kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kumwagika, akaanza kushuka. Kutoka pale nyumba ya mama inaonekana, moshi wa jiko lake unaonekana, na mtu ukishuka moja kwa moja ni ile nusu saa tu. Alifika kwenye mstari. Hakukuwa na unga tena, kulikuwa na majani na maji. Sisi wawili tulijua pale palikuwa na makopa ya jikoni, si kitu kingine, na hapakuwa na mtu wa kutuona.

Mjomba alisimama kidogo, akageuka kushoto, akaanza kuuzunguka. Nami nikamfuata nyuma, polepole, mpaka mwisho.